Misheni ya Wazazi wa Kambini

Vijana wa ofisi ya elimu waliponiaga walinipa saa ya ukutani na daftari tupu. Saa ilisimama siku ya pili. Daftari ninalo, na kwa kuwa mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kukagua shule za Jimbo la Magharibi, nayaandika humu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Zimo kwenye faili langu, na anayezitaka akaziombe huko, atajibiwa baada ya miezi mitatu.

Niliingia kazi hii nikitoka kufundisha. Siku ya kwanza, pale ofisini Tabora, nilikabidhiwa baiskeli, kofia ngumu ya jua, penseli ya zambarau na kitabu cha masharti. Baiskeli haikuwa na breki. Kofia ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko changu, nikawa nikigeuka yenyewe inabaki imetazama mbele. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza chote. Penseli ndiyo peke yake iliyokuwa tayari kwa kazi.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Mzee Sadala, Mmanyema wa mjini, ambaye babu yake aliingia Tabora na msafara akiwa na pembe ya ndovu begani. Nilimkuta anakata karatasi za zamani apate za kuandikia upande wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitabu cha masharti umekisoma?"

"Nimekisoma chote, mzee."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Ukifika shule yoyote, mwalimu mkuu atakuletea rejista kabla hujashuka kwenye baiskeli. Itakuwa na watoto sitini. Wewe usiishike. Mwambie umetoka mbali, unaomba kwenda chooni. Kama njia ya chooni imeota majani, hao sitini wanaishi kwenye rejista tu."

Nilidhani ananitania. Wiki hiyo hiyo nilikwenda shule moja ya porini yenye watoto sitini na wanne wa kwenye karatasi. Njia ya chooni ilikuwa na majani mpaka magotini, na ndani ya choo kuku alikuwa ameatamia mayai. Nilipomuuliza mwalimu mkuu, alinijibu bila kupepesa macho kwamba watoto wa pale wana nidhamu sana.

Ninyi mliokuja juzi hamkuikuta ruzuku ilivyokuwa zamani, kwa hiyo niieleze. Shule za serikali zilikuwa chache, za kuhesabu kwa vidole. Shule nyingi zilijengwa na misheni, za mapadri na za wachungaji. Serikali ilizipa misheni ruzuku: mshahara wa mwalimu, vibao vya kuandikia, chaki, mara nyingine mabati. Sharti lilikuwa mwalimu awe na cheti, jengo liwe imara, watoto wawepo, na shule isiwe ndani ya maili tatu kutoka shule nyingine inayopata ruzuku. Serikali ilisema haipendelei dini yoyote. Kwa sababu hiyo iliwapa fedha wenye dini tu, tena wenye dini iliyokuwa na ofisi, karatasi yenye nembo, na Mzungu wa kutia sahihi.

Mkuu wetu alikuwa Afisa Elimu wa Jimbo, Mwingereza mrefu, mpole, aliyependa ramani kuliko safari. Watu walimwita Bwana Elimu. Ramani yake ilikuwa ukutani, na kila shule yenye ruzuku ilichomekwa pini: nyekundu za mapadri, za buluu za wachungaji. Asubuhi alisimama mbele yake na kikombe cha chai, akiangalia elimu inavyoenea.

Kati ya pini nyekundu moja na ya buluu moja, upande wa kusini wa reli mbele ya Kigwa, palikuwa na uwazi. Kwenye uwazi huo palikuwa na kijiji kinachoitwa Kambini, kwa sababu misafara ya zamani ilipiga kambi hapo kabla ya kuingia Tabora. Wajukuu wa wapagazi, wa wenyeji Wanyamwezi na wa watu waliochoka njiani wakabaki, wote waliishi hapo. Ukiingia nyumba moja ungemkuta baba Mwislamu, mjomba Mkristo na bibi anayewatambikia wote wawili. Mapadri walikipita kijiji hicho wakisema ni cha Waislamu. Wachungaji walikipita wakisema ni cha pombe. Masheikh wa mjini walikipita wakisema yote mawili.

Walioanza shule ni wenyewe. Mwalimu wao aliitwa Mussa Kasele, mtoto wa hapo hapo, aliyesomea ualimu na kupata cheti, kisha akakataa kazi ya mjini akarudi kwao. Alifundisha kwenye tembe la zamani lenye kuta nene, ghala walimokuwa wakiweka pembe. Wazazi walimlipa karanga na mtama. Aliandika barua ofisini kuomba ruzuku mara tano. Mara ya sita Bwana Elimu akanituma.

Nilifika saa nne asubuhi. Nikaomba chooni. Njia ilikuwa imekanyagwa mpaka inang'aa. Nikarudi darasani nikakuta watoto arobaini na saba, wengine wamekaa kwenye magogo, wengine juu ya vinu vilivyopinduliwa. Mwalimu Mussa alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakuacha kufundisha kwa sababu ya kofia yangu. Alimaliza hesabu aliyokuwa nayo, akahakikisha mtoto wa nyuma kabisa ameielewa, ndipo akanisalimu. Katika miaka yote ya kazi ni yeye peke yake aliyenifanya nisubiri, na nilijiona nimekaribishwa.

Fomu ya ruzuku tuliijaza chini ya ukuta wa tembe. Wazazi wachache walisimama kando wakitazama, na pamoja nasi alikaa mwenyekiti wao, mama wa Kinyamwezi anayeitwa Bi Nyamizi, mpishi wa pombe ya mtama, mwenye wajukuu saba darasani. Cheti kilikuwepo. Jengo lilikuwa imara kuliko ofisi yetu. Watoto walikuwepo, nao walikuwa na miguu. Tukakwama kwenye mstari wa kwanza kabisa: Jina la Misheni.

"Andika serikali," akasema Mwalimu Mussa.

"Serikali haijui kama mpo."

"Basi andika Waislamu. Mimi ni Mwislamu."

"Waislamu wa hapa wana misheni? Na nusu ya watoto wako wamebatizwa."

Bi Nyamizi alikuwa anamenya karanga. Akauliza, "Mwanangu, misheni ni kitu gani?"

Nikafikiri nimjibu vipi. "Ni watu wanaokusanyika kwa nia moja, mama. Wanajenga shule, wanaweka mwalimu, wana mkubwa wao."

"Sasa sisi tumefanya nini hapa?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mussa aliniangalia, mimi nikaiangalia fomu. Mstari ukibaki mtupu, fomu ingerudi siku hiyo hiyo, na mwaka unaofuata mwalimu angeondoka. Alikuwa na watoto wanne na shati moja. Nikalowesha ncha ya penseli ya zambarau kwa ulimi, nikaandika kwa mkono wangu: Misheni ya Wazazi. Kwenye jina la mkubwa wa misheni nikaandika Bi Nyamizi. Nilijiambia Bwana Elimu ataniita aniulize, nitamweleza, labda atacheka, labda atatafuta njia.

Hakuniita. Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi. Mzee Sadala alinieleza baadaye kwamba alitafuta neno "wazazi", akalipata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mapadri wanaitwa Baba. Hawa akaona ni wale wale walioongezewa akina mama, shirika jipya kutoka Ulaya. Akatia sahihi. Akatafuta pini ya rangi nyingine, akapata ya kijani, akaichomeka Kambini. Kwenye taarifa yake ya kwenda Dar es Salaam akaandika kwamba misheni ya tatu imeingia katika jimbo, nayo inaelekea kufanya kazi kwa utulivu.

Mwaka ule Kambini walipata vibao, chaki, ubao mweusi na mshahara wa mwalimu. Watoto wakafika themanini. Walitoka mpaka vijiji vya ng'ambo ya reli, na hapo ndipo kelele ilipoanza, maana watoto hao walikuwa wanapungua kwenye rejista za mahali pengine.

Padri wa upande mmoja na mchungaji wa upande wa pili walikuwa hawajasalimiana tangu enzi za vita. Kila mmoja alikuwa amewaeleza waumini wake kwa kirefu mwenzake atakakokwenda akifa. Sasa walikaa meza moja wakaandika barua moja. Walisema shule ya Kambini iko ndani ya maili tatu kutoka kwa kila mmoja wao, na kwamba misheni hiyo ya tatu hawajapata kumwona askofu wake. Umoja wa Wakristo ulioombewa miaka mingi uliletwa na sanduku la chaki.

Bwana Elimu alishuka kwenye ramani akapanda gari. Nilikaa nyuma na mnyororo wa kupimia tulioazima idara ya ujenzi. Tulipima kutoka kwa mapadri kwa njia ya miguu, ikawa maili tatu na robo. Padri akasema ipimwe moja kwa moja kama ndege arukavyo. Tukakata porini, tukapata maili mbili na robo tatu, na miiba mingi. Bwana Elimu akauliza ni watoto wangapi wanaokwenda shule kwa kuruka. Padri akasema suala hapo si watoto, suala ni kanuni. Naamini hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Saa saba tukaingia Kambini. Wazazi walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa tembe, waliovaa kanzu na waliovaa misalaba, bila kujitenga. Bwana Elimu akaketi. Mimi nikasimama kando yake kutafsiri. Akatoa fomu ndani ya jalada, akaniagiza niulize mkubwa wa misheni yuko wapi.

Bi Nyamizi akasimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni. "Ni mimi."

Bwana Elimu akanitazama kama nimekosea kutafsiri. "Mwulize, misheni yao inaamini nini?"

"Tunaamini watoto wajue kusoma," akasema Bi Nyamizi. "Na barua za kodi zikija zisisomwe na mtu mmoja tu."

Nikatafsiri. Akaandika kitu, akakifuta. "Na makao makuu yao yako wapi?"

"Ameyakalia," akasema Bi Nyamizi.

Hilo nalo nilitafsiri. Shingo ya Bwana Elimu ilipanda wekundu taratibu mpaka masikioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyegundua mbele ya watu mia moja kwamba amewaandikia wakubwa wake habari za shirika la Ulaya ambalo mkuu wake anapika pombe. Akainua fomu juu.

"Nani aliyeandika maneno haya?"

Nilitafsiri swali. Kumbukeni hilo: nililitafsiri swali lenyewe, kwa sauti safi, kama vile halinihusu. Penseli ya zambarau ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, ncha imejitokeza. Nikasema moyoni kwamba mkalimani hana maneno yake mwenyewe. Nikamkumbuka mke wangu na mtoto aliyekuwa njiani. Nikahesabu pumzi, labda sita, labda saba. Wazazi waliokuwepo siku ya fomu walikuwa wananiangalia, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole.

"Ni mimi, Bwana," akasema Mwalimu Mussa.

Alisema kwa Kiingereza, hakunipa hata nafasi ya kutafsiri.

Bwana Elimu akamwuliza kama anajua kwamba kutoa habari za uongo kwa serikali ni kosa la kumpotezea mtu cheti. Akajibu kwamba anajua. Akaulizwa ana la kujitetea. Akasema, "Naomba shule isifungwe. Watoto hawakuandika chochote." Kisha akaingia darasani kukusanya vibao, maana ilikuwa karibu saa ya kuwaruhusu.

Mwisho wa mambo ulikuwa hivi. Cheti cha Mwalimu Mussa kilifutwa. Shule haikufungwa, kwa sababu kuifunga kungetaka barua ya kueleza Dar es Salaam ilifunguliwaje. Bwana Elimu akaandika kwamba Misheni ya Wazazi, baada ya mashauriano, imekubali kuingia chini ya baraza la mtemi. Nadhani ni kanisa la kwanza duniani kumezwa na baraza bila kupoteza muumini hata mmoja. Pini ya kijani ikang'olewa, ikawekwa ya njano. Padri na mchungaji wakarudi kutosalimiana.

Mzee Sadala ndiye aliyeweka fomu ile kwenye faili. Aliishika muda mrefu karibu na dirisha, akaniita.

"Herufi zako za M zina mkia," akasema.

Nikaisukuma penseli ndani zaidi ya mfuko.

"Kama utakwenda kwa Bwana Elimu, nenda leo. Ukilala nayo, kesho utapata sababu nzuri zaidi ya kutokwenda."

Nililala nayo. Kesho yake nikapata sababu, na ilikuwa nzuri kama alivyosema: nikijitaja, uchunguzi utaanza upya, na safari hii shule itafungwa kweli. Bado sijui kama ilikuwa sababu au ilikuwa mlango wa uani. Mzee Sadala hakuniuliza tena. Aliendelea kunifundisha kazi vizuri kama zamani, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kama angenitukana.

Mavuno mawili yakapita. Nikatumwa Igunga kukagua, lori likaharibika karibu na ghala la pamba, nikaingia humo kutafuta kivuli. Ndani nikamkuta Mwalimu Mussa. Alikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi, anaandika alama kwenye magunia. Kulikuwa na nyuzi za pamba kwenye nywele zake, nikadhani ni mvi, kisha nikaona kwamba nyingine ni mvi kweli.

"Karibu, Bwana Mkaguzi," akasema. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa afadhali.

Nikamwambia niliyokuwa nimeyabeba. Nikamwambia nitakwenda kwa Bwana Elimu wiki hiyo, nitasema mwandiko ule ni wangu, ili arudishiwe cheti chake. Akaendelea kupaka rangi mpaka akamaliza gunia.

"Bwana Elimu yule ameshahamishwa," akasema. "Huyu mpya utamweleza nini? Atakuuliza Kambini ni wapi. Achana nayo. Nieleze, nani anafundisha darasa la pili?"

"Kijana mmoja wa baraza. Cheti chake bado kina joto."

"Anawafundisha vipi hesabu za kutoa?"

Nikasema ukweli, kwamba nilikuwa nimekagua darasa hilo mwezi uliopita na watoto hawaelewi. Kijana anawaambia wakope kumi kutoka nyumba ya jirani.

Mwalimu Mussa akaweka brashi chini kwa mara ya kwanza. "Usimwambie mtoto akope. Mtoto wa Kambini ukimwambia akope, akili yake yote inakwenda kwenye kulipa." Akaokota vijiti sakafuni, akavifunga kumi kumi kwa nyuzi za pamba, mafungu matano, akaweka viwili pembeni. "Hamsini na mbili. Nipe ishirini na saba."

Nikanyoosha mkono kwenye vile viwili, nikasita.

"Saba hazipo hapo," akasema. "Fungua fungu moja. Ni lako, hukopi kwa mtu."

Nikafungua. Vikawa kumi na viwili. Nikatoa saba, nikatoa mafungu mawili. Yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano. Wapakiaji walikuwa wamesimama wakinitazama, mtu mzima mwenye kofia ya serikali, nimepiga magoti sakafuni nahesabu vijiti. Akanirudisha hatua kwa hatua mara tatu, akanikosoa nilipoharakisha, mpaka aliporidhika kwamba naweza kumfundisha mwingine. Lori likapiga honi. Nilitaka kumshukuru, akawa ameshachukua brashi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kambini, ingawa zamu yake haikuwa imefika. Nilimketisha yule kijana baada ya masomo, nikatoa vijiti na uzi, nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa. Alikuwa kijana mwenye bidii. Akafungua daftari lake la maandalizi kuandika.

"Haya ni maelekezo mapya ya Bwana Elimu?" akauliza.

Ningesema ndiyo angeyafuata mpaka anastaafu. Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Hapana," nikasema. "Ni ya Mwalimu Mussa Kasele, aliyekuwa anafundisha chumba hiki. Alifukuzwa kwa maneno niliyoyaandika mimi. Andika jina lake kwanza, halafu tuendelee."